MT4, MT5, TradingView au Python: jukwaa lipi la kutengenezea mfumo wa EURUSD, dhahabu na kahawa?

Mwana_Uyole (Mbeya)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kutwa.

Naomba mnisaidie kuchagua jukwaa kabla sijazama kwenye moja halafu nikalazimika kuanza upya. Nataka kutengeneza mifumo miwili. Wa kwanza ni wa EURUSD (yuro kwa dola) na dhahabu kwenye chati ya saa moja: mistari miwili ya wastani wa bei ikikatana ninaingia, SL (bei ya kukatia hasara) inapimwa kwa ATR (wastani wa mwendo wa bei kwa kila mshumaa), na mfumo ufanye kazi saa za London na New York tu. Wa pili ni wa kahawa arabika kwenye chati ya siku, wa kufuata mwelekeo. Huku Mbeya na Mbozi bei ya New York inaulizwa na kila mwenye kichanja cha kahawa, nami nataka kuipima kwa hesabu badala ya kuisikia kwa watu.

Nilicho nacho: laptop ya Windows 10 yenye RAM GB 8 na kori 4, mtaji wa dola 500, Python ya kiwango cha kati. MQL, lugha ya MetaTrader (MT4 na MT5), sijui kabisa. Intaneti ni bando la simu, na umeme unakatika. Huduma za kulipia naweza kutoa hadi shilingi 50,000 kwa mwezi.

Je, MT4 bado inamfaa anayeanza sasa? Pine Script, lugha ya TradingView, inatosha peke yake? Au niandike kila kitu kwa Python? Na kahawa niipimie wapi?

Mufindi_Algo (Mafinga)

Kamwene mkuu. Kabla ya jina la programu, jiulize mambo matatu: oda zako zitatekelezwa na nani, bei za zamani zitatoka wapi, na wakati wa kupima programu inaamuaje kwamba oda yako imejazwa kwa bei fulani. Hilo la tatu ndilo linalopoteza watu wengi. Mfumo uleule, sheria zilezile, unaweza kuonyesha faida kwenye jukwaa moja na hasara kwenye jingine, kisa kila moja linajaza oda kwa namna yake.

Kwa forex na dhahabu na mtaji wa dola 500, oda zitapita kwa broka wa MetaTrader. Basi la kutekelezea ni MT5. MT4 ilitoka 2005 na MT5 ikatoka 2010, na tofauti yenye uzito iko kwenye kipimio (sehemu inayoujaribu mfumo kwa bei za zamani), siyo kwenye chati. Kipimio cha MT4 kinapima alama moja (yaani soko moja, mfano EURUSD) kwa wakati, kinatumia kori moja, spredi (pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza) unaiweka moja isiyobadilika, na mwendo wa bei ndani ya dakika kinaubuni chenyewe kutokana na mishumaa ya M1, yaani ya dakika moja. Ule "ubora wa modeli 90%" unaosifiwa kwenye ripoti za MT4 maana yake ni hiyo tu. MT5 inapakua tiki halisi (kila badiliko la bei) za broka pamoja na spredi ya kila wakati, inapima alama kadhaa kwa pamoja, na inagawa kazi kwa kila kori.

Piga hesabu uone. Wastani wa haraka kuanzia 5 hadi 50 kwa hatua ya 1 ni thamani 46. Wa polepole kuanzia 20 hadi 200 kwa hatua ya 5 ni 37. Kizidishi cha ATR kuanzia 1 hadi 4 kwa hatua ya 0.25 ni 13. Jumla ni michanganyiko 22,126. Kila mmoja ukichukua sekunde 6, kwa kori moja ni karibu saa 37. Kwa kori zako 4 zikifanya kazi pamoja ni saa tisa hivi. Kwa umeme wetu, saa 37 mfululizo ni kuomba mabaya.

Namna ya kupima kwenye MT5 bila kumaliza bando:

Fungua Symbols kwa Ctrl+U, chagua alama, nenda kwenye kichupo cha Ticks, weka tarehe, bonyeza Request. Fanya hivyo usiku kwenye bando la usiku, maana tiki za dhahabu za miaka mitatu ni nzito. Halafu Ctrl+R kwa ajili ya Strategy Tester. Katika siku za kuandika na kurekebisha, tumia "1 minute OHLC". Ni nyepesi na inakuonyesha makosa ya mantiki. Jaribio la mwisho ndilo lipimwe kwa "Every tick based on real ticks". Ukimaliza soma Journal: itakuandikia tiki halisi zinaanzia tarehe ipi. Ukipima kuanzia 2015 na tiki halisi za broka zinaanza 2019, ile miaka ya mwanzo yote imepimwa kwa tiki za kubuni.

"Open prices only" inavutia kwa kasi yake, lakini humo OnTick (sehemu ya msimbo inayoitwa kila bei ikisogea) inaitwa mwanzo wa mshumaa tu, na SL yako inaweza kujazwa kwa bei tofauti na uliyoandika. Kwa mfumo wenye SL ya ATR, itumie kuchuja vigezo vibovu, usiitumie kutoa hukumu.

Sasa kitu ambacho hakuna jukwaa litakalokuonya. Weka Deposit 500 kwenye kipimio, usiache 10,000. Kwa EURUSD, loti 0.01 (loti ni kipimo cha ukubwa wa tredi) ni senti 10 kwa kila pip, yaani mwendo wa 0.0001. Ukihatarisha 1%, yaani dola 5, unapata SL ya pip 50, inatosha. Dhahabu kwa broka wengi loti moja ni aunsi 100, hivyo loti 0.01 ni aunsi moja: bei ikisogea dola 12, umepoteza dola 12, ambazo ni 2.4% ya akaunti yako. ATR ya saa moja ikizidishwa mara mbili inafika hapo bila shida. Kwenye akaunti ya dola 10,000 tatizo hilo halionekani kabisa, ripoti inatoka safi, halafu kwenye akaunti halisi mfumo unahatarisha karibu mara mbili na nusu ya ulichopanga.

Kwa hiyo saizi ya loti isiandikwe kwa mkono. Soma SYMBOL_TRADE_TICK_VALUE, SYMBOL_TRADE_TICK_SIZE, SYMBOL_VOLUME_MIN na SYMBOL_VOLUME_STEP, gawanya hatari yako kwa thamani ya SL, kisha teremsha kwa MathFloor hadi hatua iliyo chini. Jibu likiwa dogo kuliko kiwango cha chini, ruka tredi hiyo. Misimbo mingi ya bure mitandaoni hupandisha hadi 0.01, na hapo ndipo akaunti ndogo zinapokwenda.

TradingView ni nzuri kwa kuchora wazo na kulikagua haraka, na Pine Script utaielewa ndani ya wiki moja. Ila skripti ya Pine haipeleki oda kwa broka yenyewe. Inatoa tahadhari, na hiyo tahadhari kuipeleka kwa webhook (ujumbe unaotumwa wenyewe kwa mtandao) hadi kwenye programu ya kati kunahitaji mpango wa kulipia, kisha na hiyo programu ya kati uitunze wewe. Viungo vingi, na kila kiungo kinaweza kukatika.

Na inavyojaza oda uielewe. Ndani ya mshumaa mmoja TradingView haijui bei ilianza kwenda wapi, hivyo inakisia: ufunguzi ukiwa karibu zaidi na juu, bei ilikwenda juu kwanza, ukiwa karibu na chini, ilikwenda chini kwanza. Chukua mshumaa wa dhahabu uliofungua 2,400, juu 2,412, chini 2,391, ukafunga 2,409. Ulinunua kwenye ufunguzi, SL 2,393, TP (bei ya kuchukulia faida) 2,410. Kutoka ufunguzi hadi chini ni dola 9, hadi juu ni 12, hivyo itaandika kwamba SL iliguswa kwanza, hasara dola 7. Soko lenyewe pengine lilipanda kwanza likakupa dola 10. Mshumaa mmoja kama huo si kitu. Mfumo ambao SL na TP zake zote mbili zinaingia ndani ya mshumaa mmoja mara kwa mara, ripoti yake nzima ni makisio. Tena kamisheni na bei kuteleza (oda kujazwa kwa bei tofauti kidogo na uliyoitaka) zinaanza na sifuri. Zijaze mwenyewe ndani ya strategy() kwa commission_value na slippage.

Python: utafiti, ndiyo. Kutekeleza, bado kwako. Maktaba ya MetaTrader5 ya Python inafanya kazi kwenye Windows tu na inahitaji terminali iwe wazi muda wote, hivyo unakuwa na vitu viwili vya kulinda badala ya kimoja. Itumie kuvuta bei kwa copy_rates_range, kuchora migawanyo ya faida, kukagua matokeo ya kipimio. Kosa la kwanza la kila anayeanza na pandas ni kuzidisha ishara ya leo kwa faida ya leo. Ishara inajulikana mshumaa ukifunga. Faida unayoweza kuipata ni ya mshumaa unaofuata. Weka shift(1), inayosogeza ishara mshumaa mmoja mbele, kwenye safu ya ishara. Ukiisahau, hata mfumo wa kipuuzi utapanda kama mwiba, na ukiona mstari wa faida usio na bonde hata moja, kakague hapo kwanza.

Basi kwa kifupi: sheria ya wastani iandike MQL5. Siyo ngumu kwa aliyeona Python.

Dada_Hesabu (Iringa)

Nakubaliana na Mufindi_Algo. Naongeza pale atakapokwama akihamisha msimbo, kwa sababu mifano mingi mitandaoni ni ya MT4.

Kwenye MQL4, iMA inakurudishia thamani ya wastani. Kwenye MQL5 inakurudishia namba ya kiashiria tu, 10, 11, 12 hivi. Mtu anailinganisha na bei ya EURUSD ya 1.08, "wastani" unakuwa juu ya bei siku zote, na roboti inauza tu bila kununua hata mara moja. Njia sahihi: iMA iitwe mara moja ndani ya OnInit (sehemu inayoendeshwa roboti ikiwashwa), namba ihifadhiwe, kisha ndani ya OnTick uvute thamani kwa CopyBuffer(namba, 0, 1, 2, buf). Hiyo 1 maana yake anza na mshumaa uliokwisha kufunga, na 2 ni idadi. Usianze na 0, kwa sababu mshumaa wa sasa bado unatembea na mistari inaweza kukatana na kuachana mara tano ndani ya saa moja. Na kumbuka bila ArraySetAsSeries, buf[0] ndiyo ya zamani na buf[1] ndiyo ya karibuni. Ukizigeuza, unanunua pale ulipopaswa kuuza.

Kosa jingine halionekani kwenye kipimio. Oda inakataliwa na namba 10030: namna ya kujaza haikubaliki. Broka mmoja anataka FOK (ijazwe yote au ifutwe), mwingine IOC (ijazwe inayopatikana, iliyobaki ifutwe). Soma SYMBOL_FILLING_MODE ya alama husika kabla ya kutuma. Ukipata 10016, SL au TP iko karibu mno na bei au iko upande usio wake, linganisha na SYMBOL_TRADE_STOPS_LEVEL. 10014 ni loti isiyofuata hatua ya broka. 10027 ni kitufe cha Algo Trading kimezimwa, basi. Kila jibu la OrderSend liandikwe kwenye logi pamoja na hiyo namba. Roboti inayonyamaza ikikataliwa hutajua kama imekosa ishara au imekosa ruhusa.

Mkulima_Data (Vwawa)

Mimi nijibu la kahawa, maana limepitwa na ni gumu kuliko hayo mengine.

Arabika ya New York ni mkataba wa C wa soko la ICE. Mkataba mmoja ni ratili 37,500, kama kilo 17,000, na bei inasemwa kwa senti za dola kwa ratili. Hatua ndogo kabisa ni senti 0.05, sawa na dola 18.75. Senti moja nzima ni dola 375. Siku ambayo ATR ni senti 6, mkataba mmoja unatembea dola 2,250. Kwa dola 500 mkataba huo haukuhusu, na hakuna jukwaa litakalobadilisha hilo.

Baadhi ya broka wa MT5 wana kahawa ya CFD (mkataba na broka unaofuata bei tu, bila kahawa yenyewe) kwa saizi ndogo. Fungua Specification uone ukubwa wa mkataba kabla ya lolote. Lakini tatizo lililojificha ni kuhama kwa miezi. Kahawa ina mikataba ya Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba, kila mmoja na bei yake. Chati ndefu unayoiona imeunganishwa vipande vipande. Tuseme siku ya kuhama Mei iko 240 na Julai iko 236. Chati isiyorekebishwa inaonyesha kuanguka senti 4 usiku mmoja, na hakuna kilichoanguka. Mistari ya wastani inakatana, mfumo unauza, na aliyekuwa ameuza tayari anaandikiwa faida ya senti 4 ambayo haikuwepo. Broka kwenye akaunti halisi anaifuta faida hiyo kwa marekebisho siku ya kuhama. Kipimio hakiyajui hayo marekebisho. Mara tano kwa mwaka, miaka kumi, jumlisha mwenyewe.

Dawa ni kurekebisha bei za nyuma: chukua tofauti ya siku ya kuhama, hapa ni -4, uijumlishe kwenye bei zote za kabla ya siku hiyo, kisha endelea kuhama baada ya kuhama ukirudi nyuma. Faida na hasara kwa senti zinabaki sahihi. Asilimia hazibaki sahihi, na ukirudi miaka mingi bei zinaweza hata kuingia chini ya sifuri, kwa hiyo ukitaka hesabu za asilimia tumia uwiano: zidisha kwa 236/240 badala ya kutoa. Hamia mkataba unaofuata siku ambayo wingi wa biashara umeshahamia huko, usingoje hadi mwezi wa makabidhiano.

NinjaTrader, TradeStation na MultiCharts zimetengenezwa kwa ajili ya mikataba ya namna hii na zinaunganisha zenyewe. Kwa bajeti yako sikushauri hata moja. TradingView ina alama ya KC1!, na kwenye mipangilio kuna kuwasha marekebisho ya kubadilisha mkataba, hakikisha imewashwa. Kwa kupima, Python inakutosha: faili la bei za siku za kila mkataba, pandas, mistari ishirini ya msimbo. Data za siku za miaka kumi hazifiki hata MB chache, laptop yako itazimaliza kwa sekunde.

Jambo moja zaidi kwenye kahawa: usitumie SL ya senti maalumu. Mwaka 2019 bei ilishuka chini ya senti 100. Februari 2025 ilivuka 400. SL ya senti 5 ilikuwa asilimia 5 ya bei kule, na zaidi kidogo ya asilimia moja huku. Kwenye jaribio moja unakuwa umepima mifumo miwili tofauti bila kujua. ATR inatatua hilo. Na kipindi chako cha kupima lazima kiingize Julai 2021, baridi kali ilipounguza mibuni Brazil na bei ikavuka senti 200 kabla mwezi haujaisha. Siku kama hizo soko linafungua mbali na lilipofunga. Aliyekuwa ameuza, SL yake haijazwi pale alipoiandika, inajazwa pale soko lilipofungulia. Angalia msimbo wako unatumia bei gani hapo: kama unaandika bei ya SL, hasara zako kubwa zote zimepunguzwa kwenye karatasi.

Kutekeleza usijisumbue na roboti. Soko hilo linafunguliwa saa 10:15 alfajiri na kufungwa saa 7:30 mchana za New York. Kwetu ni saa 5:15 asubuhi hadi saa 2:30 usiku Marekani wanapokuwa kwenye saa za majira ya joto, na saa moja mbele zaidi wakiwa kwenye saa za baridi. Ishara inatoka soko likifunga, oda inawekwa kwa mkono kabla halijafunguliwa kesho yake. Una usiku mzima.

Na ukiitumia ishara hiyo kuamua lini uuze kahawa ya shambani, kumbuka mnada wa huku una mambo yake: daraja, unyevu, thamani ya shilingi, na lini AMCOS (chama cha ushirika) inakulipa. New York inakupa mwelekeo tu.

Mwana_Uyole (Mbeya)

Ndaga fijo wakuu, hasa hilo la kuhama miezi. Nilikuwa nimeshapakua chati moja ndefu na kuamini ni bei halisi.

Maswali mawili yamebaki. Nataka roboti ya EURUSD ianze London ikifungua. Naona TimeLocal, TimeGMT na TimeCurrent, nitumie ipi? Na kuhusu umeme, nikodi seva au UPS inatosha?

Dada_Hesabu (Iringa)

TimeCurrent, yaani saa ya seva ya broka. Ndani ya kipimio, TimeGMT na TimeLocal zote zinarudisha saa ya seva, siyo GMT. Kwa hiyo ukiandika "anza TimeGMT ikiwa 8", kwenye jaribio roboti inaanza 08:00 ya seva (kwa mtindo wa saa 24), na kwenye akaunti halisi inaanza 08:00 ya GMT. Seva ikiwa GMT+2 umepishana saa mbili, ikiwa GMT+3 saa tatu. Umepima mfumo mmoja, unaendesha mwingine, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Broka wengi huweka seva GMT+2 majira ya baridi na GMT+3 majira ya joto, wakifuata kalenda ya Marekani, ili mshumaa wa siku ufunge New York ikifunga na wiki iwe na mishumaa mitano. Kwa seva ya namna hiyo, London inafungua 10:00 ya seva karibu mwaka mzima. Kwetu hapa ni saa 4 asubuhi wakati wa joto lao na saa 5 wakati wa baridi. Kuna wiki chache za Machi, na moja mwisho wa Oktoba, ambapo Marekani imeshabadilisha saa na Uingereza bado, au kinyume chake. Hapo inakuwa 11:00 ya seva. Thibitisha saa ya broka wako kwanza: linganisha Market Watch na saa ya simu. Kama wakati wa joto zinalingana, ni GMT+3.

Ukivuta bei kwa Python, muda unaopata nao ni wa seva ingawa unaonekana kama UTC. Ukiugeuza kuwa saa ya Tanzania kwa kuongeza 3 utakuwa umeongeza mara mbili.

Zuia pia roboti isiingie saa ya New York kufunga, saa 6 usiku kwetu au saa 7 kutegemea majira. Spredi inapanuka hapo, na SL iliyo karibu inaguswa na spredi tu bila soko kusogea. Chati haikuonyeshi hivyo, kwa kuwa inachora bei ya Bid (ya kuuzia) tu.

Makambako_VPS (Makambako)

La umeme. UPS inakulinda dakika kadhaa, na mnara wa mtandao nao ukizima haisaidii kitu. Kodi seva ndogo ya Windows, RAM GB 2 inatosha MT5 moja yenye chati mbili tatu, iwe karibu na seva ya broka, mara nyingi London au New York. Ukiondoka kwenye Remote Desktop, funga dirisha tu. Uki-sign out terminali inazimwa. Zima masasisho ya Windows yanayowasha upya seva yenyewe. Ipo pia seva ya MetaQuotes ndani ya MT5 yenyewe, bonyeza akaunti kwa kitufe cha kulia kwenye Navigator, ni rahisi kuliko zote. Haikubali DLL (faili za programu za nje) wala skripti za Python, lakini kwa MQL5 tupu haina shida.

La muhimu zaidi liko kwenye msimbo. SL itumwe pamoja na oda ili ikae kwa broka. SL inayosogezwa na roboti inasimama pale ilipo mara terminali ikizimika, na SL "iliyofichwa" ndani ya roboti inatoweka kabisa. Na ndani ya OnInit usidhani hakuna tredi: pitia tredi zilizo wazi, tafuta zenye namba yako ya magic (inayotambulisha tredi za roboti yako), ujaze vigezo upya kutoka hapo. Roboti inayohesabu kwa kigezo cha ndani ikiwashwa upya inasoma sifuri, inafungua tredi ya pili juu ya ile ya kwanza. Jaribu makusudi kwenye demo: fungua tredi, zima terminali, washa, uangalie.

Mwana_Uyole (Mbeya)

Nimeelewa. La mwisho: demo niendeshe miezi mingapi kabla ya kuweka zile dola 500?

Mufindi_Algo (Mafinga)

Usihesabu miezi, hesabu tredi, na uzilinganishe moja moja. Ukifikisha tredi 40 hivi za demo, rudi kwenye kipimio, pima tarehe zilezile, broka yuleyule, tiki halisi, vigezo vilevile. Toa orodha zote mbili, ziweke kwenye Excel sambamba: saa ya kuingia, bei ya kuingia, saa ya kutoka, bei ya kutoka.

Saa zikilingana na bei zikapishana kidogo, hiyo tofauti ndiyo gharama yako halisi ya bei kuteleza. Chukua wastani wake, utoe kwenye kila tredi ya jaribio lako refu, uone kama faida bado ipo. Kwenye EURUSD ya saa moja, nusu pip kwa kila upande inatosha kumeza mifumo mingi ya wastani.

Saa zisipolingana, hiyo siyo gharama, ni kosa la mantiki: chujio la saa, mshumaa namba 0 badala ya 1, au oda iliyokataliwa. Fungua logi ya siku hiyo. Tredi moja tu ikikosekana upande mmoja, usiongeze hela hadi uijue ilikokwenda.

Na vigezo vyenyewe, kabla ya demo, kwenye kipimio weka Forward 1/3 ili theluthi ya mwisho ya data isishiriki kwenye kuvichagua. Kama 21/85/2.25 inang'aa na jirani zake 20/85 na 22/85 zinapata hasara, iache. Chagua eneo ambalo jirani wote wanafanana, hata kama faida yake kwenye ripoti ni nusu.